Siku Ngapi Mlangoni

Mwaka 1983 taasisi moja ya utafiti mjini Lima, Peru, ilianzisha karakana ya kushona nguo pembezoni mwa jiji. Haikuwa na haja ya nguo. Mkuu wake, mchumi Hernando de Soto, alitaka kujua mtu asiye na mjomba wizarani hutumia muda gani hadi biashara yake itambulike kisheria. Vijana wachache wakapewa kazi ya kujaza fomu, kupanga foleni na kupanda mabasi kwenda katikati ya mji na kurudi, saa sita kwa siku. Sharti lilikuwa wasitoe rushwa, ila pale tu ambapo bila ya kutoa jaribio lote lingekwama. Waliombwa mara 10. Mara mbili ikabidi watoe. Siku ya 289 wakakabidhiwa karatasi ya mwisho. Karakana ilikuwa ya mfanyakazi mmoja, na gharama yote ilifika dola 1,231, yaani mshahara wa kima cha chini wa zaidi ya miaka miwili na nusu.

Ni namba chache za uchumi zilizosafiri mbali kama hiyo 289. De Soto aliiweka katika kitabu chake cha mwaka 1986. Waasi wa Sendero Luminoso walimchukia kiasi cha kulipua ofisi zake. Marais wa nchi mbalimbali wakamwalika. Mwaka 2002 wachumi wanne, Simeon Djankov, Rafael La Porta, Florencio Lopez-de-Silanes na Andrei Shleifer, walichapisha hesabu ya aina hiyo kwa nchi 85, safari hii kwa kufuata sheria zilivyoandikwa, bila ya kumpeleka mtu kwenye foleni. Kanada ilikuwa na hatua mbili na siku mbili. Italia hatua 16, siku 62 za kazi. Msumbiji hatua 19, siku 149. Madagaska ilishika mkia kwa siku 152. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia ikaigeuza kazi hiyo kuwa ripoti ya kila mwaka iliyoitwa Doing Business, na mawaziri wakawa wanaisubiri roho juu.

Ili nchi 190 zipimwe kwa kipimo kimoja ilibidi itungwe kampuni moja ya kufikirika. Ina wamiliki watano, wote raia. Iko katika mji mkubwa kuliko yote wa biashara nchini. Ofisi yake ina ukubwa wa takriban mita za mraba 929, mtaji wake ni mara 10 ya pato la mtu mmoja kwa mwaka, na mwezi mmoja baada ya kufungua ina wafanyakazi kati ya 10 na 50. Walioulizwa maswali walikuwa mawakili, wahasibu na maofisa wa serikali. Nenda Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, Dar es Salaam, au Gikomba jijini Nairobi, ukatafute watu walioanza hivyo. Wapo, lakini si wao wanaojaza barabara.

Toleo la mwisho la ripoti hiyo, la mwaka 2020, lina mambo ya kushangaza. Nyuzilandi ilisajili kampuni kwa hatua moja tu, kwa muda wa nusu siku. Venezuela ilihitaji siku 230. Rwanda siku 4, Kenya 23, Tanzania 29.5. Hadi hapo msomaji anatikisa kichwa, anaona ndivyo alivyotarajia. Kisha anafika Ujerumani: hatua 9, siku 8. Anateremka hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: siku 7. Katika kipengele cha kuanzisha biashara Kongo ilikuwa ya 54 duniani na Ujerumani ya 125. Katika mazingira ya biashara kwa jumla, ripoti hiyohiyo iliiweka Ujerumani nafasi ya 22 na Kongo ya 183.

Jedwali lilisoma saa sawasawa. Tatizo ni kwamba saa ilining'inizwa kwenye mlango mmoja tu wa jengo lenye milango mingi. Jamii yoyote ambamo watu wasiofahamiana wanauziana lazima iwe na mtu wa kuuliza: huyu ni nani, na akinidhulumu nitampata wapi? Swali ni lile lile Berlin na Bukavu. Tofauti iko katika nani anauliza, anauliza lini, na jibu likishatolewa nani mwingine analiamini. Siku tunazozihesabu ni kivuli cha tofauti hiyo.

Ujerumani wanauliza mwanzoni, tena kwa sauti. Watu wanaotaka kuunda GmbH, kampuni ya kawaida yenye ukomo wa dhima, huketi mbele ya notari. Sisi tukisikia neno hilo tunamfikiria wakili mwenye mhuri anayegonga nakala za vyeti huku anaongea na simu. Notari wa Kijerumani ni mwanasheria aliyeteuliwa na serikali ya jimbo, hasimami upande wa yeyote, na sheria inataka waraka wa kampuni usomwe mbele ya wahusika wote tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Jina, makao, shughuli, hisa za kila mmoja, nani anaruhusiwa kutia saini peke yake na nani lazima awe na mwenzake. Husomwa haraka, kama mtu anavyosoma kitu alichokirudia maisha yake yote, lakini yeyote aliyeketi mezani ana haki ya kumkatiza na kuuliza hiki maana yake nini. Wakimaliza wanasaini, naye anasaini. Kisha yeye ndiye anayepeleka maombi mahakamani, kwa kuwa rejista ya biashara ya nchi hiyo hutunzwa na mahakama. Mtaji wa kisheria ni euro 25,000, na angalau nusu yake iwe imeshaingia kabla ya maombi kwenda. Tangu 2008 kuna kampuni ndogo zaidi inayoweza kuanza na euro 1, ila robo ya faida ya kila mwaka lazima iwekwe akiba hadi ifikie ile 25,000. Tangu Agosti 2022 mnaweza kuonana na notari kwa video. Mnasomewa vilevile.

Kijana mwenye programu ya simu anayoitaka sokoni wiki ijayo huona huu ni uzee mtupu, na ana hoja. Lakini tumfikirie yule wa upande wa pili, anayetaka kuipa kampuni hiyo mali kwa mkopo wa siku 60. Anafungua rejista, anaona nani meneja na nani mwenye saini, na sheria inamlinda akiyategemea aliyoyaona. Hana haja ya kumpigia simu binamu yake aulize kama watu hawa ni wa kweli. Siku 8 zilizotumika mlangoni zimemwondolea yeye kazi hiyo, na zitamwondolea kila atakayekuja baada yake.

Uingereza ilichagua njia nyingine. Kabla ya 1844 kampuni yenye hisa za umma ilihitaji hati ya mfalme au sheria ya Bunge. Mwaka huo akawekwa Msajili, na ukomo wa dhima ukafuata 1855. Wazo la msingi likawa: jiandikishe kwa wepesi, weka taarifa zako wazi kila mwaka, na anayetaka kufanya biashara nawe azisome mwenyewe. Kwa miaka mingi kusajili kampuni mtandaoni kuligharimu pauni 12 na kukachukua saa 24 au pungufu. Ada ilipanda hadi pauni 50 Mei 2024. Msajili alipokea alichoandikiwa. Hakuwa na mamlaka ya kuhakiki.

Matokeo yake yangechekesha kama yasingekuwa na fedha za watu ndani yake. Kuna kampuni iliyosajiliwa London ikiwa na mkurugenzi ambaye jina lake, kwa Kiitaliano, ni Mwizi wa Kuku, na kazi yake ikaandikwa, kwa Kiitaliano pia, kuwa ni utapeli. Mfumo ulipitisha. Mwaka 2013 mfanyabiashara mmoja aliyetaka kuonyesha ubovu huo alisajili kampuni kwa jina la Vince Cable, waziri wa biashara wa wakati ule, akamwandika mkurugenzi na mwenye hisa bila ya yeye kujua, kisha akamwandikia kumweleza alivyofanya. Miaka mitano baadaye aliyetiwa hatiani kwa taarifa za uongo kwenye rejista alikuwa yeye, aliyepiga kelele, akaamriwa kulipa faini na gharama za maelfu ya pauni. Bunge lilikuja kupitisha sheria mpya mwaka 2023, na tangu Novemba 2025 wakurugenzi wanatakiwa kuthibitisha utambulisho wao. Mwingereza, baada ya karne na robo tatu, anaanza kuuliza mlangoni.

Huko Marekani, jimbo la Delaware limeufikisha mtindo huo mwisho wake: ukilipa dola 1,000 za ziada unahudumiwa ndani ya saa moja, na jengo moja fupi la Wilmington, Barabara ya North Orange namba 1209, limekuwa anwani ya kisheria ya kampuni zaidi ya 285,000. Jimbo hilo lina kampuni nyingi kuliko watu. Sina la kuongeza.

Sisi Afrika Mashariki tulirithi rejista ya Kiingereza. Sheria za kampuni za Kenya na Tanganyika zilifuata zile za London karibu kifungu kwa kifungu, kwa hiyo ingetegemewa tuwe wepesi. Lakini mkoloni alikuja na daftari mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kampuni za wenzake na, kwa kiasi, za wafanyabiashara wa Kihindi. Ya pili ilikuwa ya Mwafrika, na humo mliandikwa vibali. Tanganyika ilikuwa na sheria iliyomzuia mfanyabiashara kumdai mahakamani Mwafrika aliyemkopesha bila ya idhini ya serikali. Ilisemekana ni kumlinda Mwafrika na madeni, na kweli ilimlinda, na mtaji pia ikamlinda nao usimfikie. Uhuru ulipokuja daftari ya pili haikufungwa. Baada ya Azimio la Arusha biashara ya jumla ilikuwa ya mashirika ya umma, na Operesheni Maduka ya 1976 ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili ya ushirika yashike nafasi. Kisha mwaka 1983, mwaka uleule vijana wa Lima walipokuwa wanazunguka na fomu, Bunge letu likapitisha Sheria ya Nguvukazi. Muuza karanga wa Dar es Salaam asiye na kitambulisho cha kazi inayokubalika alihesabiwa mzururaji, akapakiwa gari kupelekwa kulima.

Naikumbusha historia hii kwa sababu bila yake mtu hawezi kuelewa kwa nini leo rejista ni nyepesi na leseni ni nzito. Mfuate mtu anayefungua mgahawa kwa jina la kampuni Dar es Salaam. Usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uko mtandaoni tangu 2018. Anaingiza namba ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA, na asiyekuwa nayo anaishia hapo. Anajaza majina ya wakurugenzi, anaambatisha katiba ya kampuni, anachapa fomu aliyotengenezewa na mfumo, wakurugenzi wanaisaini kwa kalamu, tamko jingine linasainiwa mbele ya wakili, kisha zote zinapigwa skani na kurudishwa kwenye mfumo uleule zilikotoka. Kontroli namba inakuja, analipa kwa simu. Kwa nadharia yote hufanyika sebuleni. Kwa vitendo hufanyika steshenari, kwa kijana ambaye hana cheo chochote serikalini ila anajua ni kiambatisho kipi kinakataliwa kikizidi ukubwa, anajua jina la kampuni likiwa na neno fulani litarudishwa, na anajua saa ngapi za mchana mfumo unalala. Huyo ndiye notari wetu. Naye pia husoma kwa sauti: "Mama, hapa wamekuandikia urekebishe anwani."

Cheti kikitoka, kazi ndiyo inaanza. Namba ya mlipakodi TRA. Mkataba wa pango, na ushuru wa stempu juu yake. Cheti cha kutodaiwa kodi, ambacho bila hicho afisa biashara wa halmashauri hatoi leseni. Afisa afya aje aone jiko na vyoo, wapishi wakapimwe. Zimamoto. OSHA kwa usalama kazini. NSSF kwa wafanyakazi, WCF kwa fidia zao. Kila mmoja wa hawa ana sababu ya kuwepo, na mimi sitaki kula kwenye mgahawa ambao afisa afya hajaufikia. Kinachochosha ni kwamba hakuna anayemwamini aliyemtangulia. NIDA imeshamjua mtu huyu kwa alama za vidole vyake vyote, BRELA imeshaithibitisha namba yake, lakini kila dirisha linalofuata linataka nakala ya kitambulisho, picha mbili na barua ya serikali ya mtaa. Notari wa Kijerumani anauliza mara moja kwa niaba ya wengi. Kwetu swali lilelile linaulizwa upya na kila taasisi, kila moja na ada yake. Mpango wa Kuboresha Mazingira ya Biashara wa 2018, waraka wa serikali yenyewe, ulikiri mwingiliano huo wa mamlaka na kuorodhesha wa kuunganishwa. Baadhi wameunganishwa.

Kenya imekwenda mbali zaidi kwenye mlango wa kwanza. Sheria mpya ya kampuni ya 2015, usajili kwa eCitizen, Vituo vya Huduma vilivyoanza 2013: katika mazingira ya biashara kwa jumla ilipanda kutoka nafasi ya 136 duniani katika Doing Business ya 2015 hadi ya 56 katika ile ya 2020. Ada ya kusajili jina la biashara ni ndogo na mtu anaweza kuilipa akiwa kwenye matatu. Lakini kibali cha biashara ni cha kaunti, na kaunti ziko 47, na mwenye kuku wake anaowatoa Kiambu kuwapeleka Nairobi atakueleza habari za kanjo, askari wa kaunti, kwa lugha ambayo haijaandikwa katika ripoti yoyote.

Rwanda ndiyo nchi iliyolielewa jedwali vizuri kuliko zote, labda mno. Bodi ya maendeleo, RDB, iliyoundwa 2008, ilikusanya madirisha chini ya paa moja, ikafanya usajili kuwa kazi ya saa chache, na ripoti ya 2010 ikaitaja kuwa nchi iliyofanya mageuzi makubwa kuliko zote mwaka huo: kutoka nafasi ya 143 hadi 67. Haya ni mafanikio ya kweli. Nawajua watu waliohamishia kampuni zao Kigali kwa sababu hiyo tu. Mji huohuo ulitangaza faini ya faranga 10,000 kwa mchuuzi wa barabarani, na kwa mnunuzi wake vilevile. Mwenye kampuni anahudumiwa kabla ya chakula cha mchana. Mwenye kapu la parachichi kichwani hana dirisha lake.

Na Kongo? Ilijiunga na OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi 17 hasa za Afrika zinazotumia Kifaransa, mwaka 2012. Mwaka uliofuata Kinshasa ikafungua dirisha moja la kuanzisha biashara na kuwaweka pamoja karani wa rejista, mtu wa kodi na wengine. Siku zikashuka kwa kishindo. Dirisha lenyewe halina kosa lolote. Ila mfanyabiashara wa Goma au Lubumbashi hana hofu na siku ya usajili. Hofu yake ni siku ya 30, na ya 60, anapoanza kutembelewa na huduma za serikali ambazo hajapata kuzisikia, kila moja na risiti ya aina yake. Swali alilokuwa aulizwe mlangoni anaulizwa maisha yote ya biashara, na halina jibu la mwisho.

Hadi hapa nimesema habari za karatasi. Watu wengi wa bara hili hawaanzi kwa karatasi. Taasisi ya De Soto ilipoalikwa Tanzania, katika kazi iliyozaa MKURABITA, mpango wa kurasimisha mali na biashara za wanyonge, tathmini yake ya 2005 ilikadiria kuwa biashara 98 kati ya kila 100 zinaendeshwa nje ya mfumo rasmi. Hizo 98 zilianza vipi, na kwa siku ngapi?

Kipimo ninachokipenda kiko Nigeria. Kijana wa Kiigbo kutoka kijijini anapelekwa kwa bwana mwenye duka Onitsha, Nnewi au Lagos. Anafagia, anabeba, anasimamia duka, anajifunza bei na watu, anaishi kwa bwana. Halipwi mshahara. Baada ya miaka mitano, sita, saba, kufuatana na walivyokubaliana mbele ya wazee, bwana anamfungulia njia: anampa mtaji, pengine kodi ya duka la kwanza, na kumtambulisha kwa wauzaji wa jumla. Desturi hii ni ya zamani, ila ilipata nguvu baada ya vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970, ambapo Waigbo wenye akiba benki walirudishiwa pauni 20 kila mmoja, awe alikuwa na pauni 50 au 5,000. Watu wasio na kitu walijenga upya biashara zao kwa kupeana vijana na mitaji. Kisheria, kufungua duka kwa njia hii ni suala la asubuhi moja. Kwa kweli limechukua miaka sita. Muda wote huo lile swali lilikuwa linaulizwa: huyu ni nani, na nikimpa fedha atazila?

Kwetu tuna ndugu wa desturi hiyo. Wakinga kutoka Makete wamejaza maduka ya Mbeya na Kariakoo kwa namna inayofanana: mdogo anakaa dukani kwa kaka au mjomba miaka, kisha anafunguliwa lake. Na pwani tuna mali kauli. Muuzaji wa jumla anakupa mzigo kwa kauli, unaenda kuuza, unarudisha fedha, unapewa mwingine. Hakuna saini. Katika karne ya 19 ndiyo iliyosukuma misafara ya pembe kutoka Bagamoyo: Tippu Tip alipewa bidhaa na mfadhili wake wa Kihindi wa Unguja, Taria Topan, akaenda bara na kurudi baada ya muda ambao leo hakuna benki ingeuvumilia. Ni kweli matajiri wa Unguja waliandikiana hati, nyingine kwa Kiarabu, nyingine kwa Kigujarati, lakini hati ilikuja juu ya kujuana, si badala yake.

Nisiipambe desturi hii. Ni ya haraka kwa anayejulikana na ni ukuta kwa mgeni. Mwanamke aliyeolewa mji wa mbali, kijana asiye na mjomba Kariakoo, mkimbizi wa Burundi aliyefika Kigoma jana, hao mali kauli haiwafikii, na mwanafunzi wa Kiigbo ambaye bwana amemfukuza mwaka wa sita kwa kumsingizia wizi hana pa kushitaki. Hapo ndipo rejista ya Msajili inapokuwa na thamani yake: haimuulizi mtu ukoo wake. Karatasi ilibuniwa kwa ajili ya wasiojuana. Ukiifanya ngumu kiasi kwamba inahitaji kujuana ili ipatikane, umewanyima wageni njia zote mbili.

Serikali ya Tanzania iliwahi kujaribu njia fupi kuliko zote. Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa kwa wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4. Unalipa shilingi 20,000, unapewa kadi, basi. Wachumi walilalamika kwamba kadi haikuwa na jina wala picha. Wamachinga niliowasikia hawakulijali hilo. Walichokitaka ni kitu cha kumwonyesha mgambo, na kwa muda walikipata. Nadhani jaribio lile lilifichua ukweli mmoja ambao ripoti nzima za Washington hazikuuona: kwa mfanyabiashara mdogo, usajili una faida pale unapomzuia mtu asimfukuze. Oktoba 2021 wamachinga walipoondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam na kupangiwa maeneo mengine, ilidhihirika kadi ile haikuwa na nguvu hiyo tena.

Watafiti wameliona jambo hilo kwa njia yao. Sri Lanka, Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff waliwaeleza wenye biashara ndogo namna ya kujisajili na kuwarudishia gharama za usajili. Karibu hakuna aliyekwenda. Wengine wakaahidiwa fedha za ziada, na ilipofikia kiasi cha faida ya miezi miwili ndipo karibu nusu wakajisajili. Mlango ulikuwa wazi na bure. Watu hawakuona kilichoko ndani. Malawi, kwa upande mwingine, waliosaidiwa kupata cheti kisha wakaunganishwa na benki kufungua akaunti ya biashara walionekana kuongeza faida. Cheti peke yake hakikuongeza.

Doing Business yenyewe ilikufa Septemba 2021. Uchunguzi wa kampuni ya mawakili ulisema takwimu za nchi kadhaa zilichezewa: Uchina ilipaswa kushuka hadi nafasi ya 85 katika ripoti ya 2018, ikabaki ya 78 baada ya shinikizo kutoka juu, na miongoni mwa takwimu zilizoguswa ni zile za kuanzisha biashara. Wakubwa waliotajwa walikana. Saudia, Falme za Kiarabu na Azabajani nazo zilihusishwa katika ripoti ya 2020. Hakuna aliyepaswa kushangaa. Ukimpa waziri namba moja na kumwambia kazi yake itapimwa kwayo, atahangaika na namba.

Mrithi wake, ripoti iitwayo B-READY, ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2024 ikiwa na nchi 50. Imeboreshwa. Haitoi tena orodha moja ya nani wa kwanza na nani wa mwisho, inatazama huduma za umma pamoja na sheria, na safari hii wenye biashara nao wanahojiwa. Wanaohojiwa hupatikana kwa sampuli ya kampuni rasmi, zilizosajiliwa, zenye wafanyakazi watano au zaidi.